Compaq Presario ya Windows 95: CD yake ya kiwandani inaikataa mashine yenyewe. Wenye uzoefu Arusha na Moshi naomba msaada

#1 Wakibosho

Wakuu, salaam.

Baba yangu mdogo, anayeishi Kibosho, ana kompyuta ya mezani ya Compaq Presario aliyoinunua Arusha mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa mgeni aliyekuwa amemaliza mkataba wake na anarudi kwao Marekani. Ni Pentium ya MHz 133 yenye RAM ya MB 16, na ilikuja na Windows 95 pamoja na CD ya kurejeshea programu za kiwandani, inayoitwa QuickRestore, ikiwa na disketi yake ya kuanzishia. Mzee ameniagiza niirudishe kama ilivyotoka kiwandani, pamoja na picha ya Compaq kwenye skrini na michezo yote iliyokuja nayo. Hataki Windows 98 wala XP, na ameshanionya kwamba nikimpigia Windows ya mtaani atajua.

Mashine inawaka, inaonyesha makosa mawili, 162 na 163, na nikibonyeza F1 inaendelea. Disketi inasomeka vizuri, CD inazunguka, maandishi ya kukaribisha yanatokea, kisha naambiwa kwamba programu hii haiwezi kutumika kwenye kompyuta hii, na mambo yanaishia hapo. CD hiyo nikiiweka kwenye laptop yangu faili zote zinaonekana. Lipo jambo jingine ambalo huenda lina uzito: diski ngumu iliyomo sasa si ya asili, kwa sababu fundi mmoja aliitoa ile ya GB 1.6 miaka mingi iliyopita akaweka ya GB 20.

Kwa nini CD iliyokuja na mashine iikatae mashine yenyewe?

#2 FundiWaSakina

Karibu mkuu. Anza na hayo makosa mawili kabla ya kuishuku CD. Namba 162 inasema mipangilio ya mashine haijawekwa, na 163 inasema tarehe na saa hazijawekwa, na zikitokea pamoja kwenye mashine ya umri huo, karibu kila mara ni betri ya ubao mkuu imekufa. Fungua kasha uone kama kuna CR2032 ya volti 3, ambayo siku hizi inapatikana hata kwa wauza saa. Kama huioni, tafuta chipu nyeusi iliyoandikwa Dallas. Hiyo betri yake imefungiwa ndani, ilitengenezwa kudumu miaka kumi na zaidi kidogo, na ikiisha hubadilishwa chipu nzima.

Mashine isiyokumbuka mipangilio yake inaweza kuitambua diski vibaya, na CD ya kurejesha ikikuta diski isiyoeleweka haina namna ila kukataa. Mimi kidole changu nakielekeza hapo.

#3 Bi_Disketi

Fundi, betri ibadilishwe, hilo halina ubishi. Lakini nadhani chanzo ni diski, tena kwa sababu ambayo wengi wenye Compaq za miaka ile hawaijui.

Kompyuta nyingi za wakati huo zilikuwa na ukurasa wa mipangilio ndani ya chipu ya BIOS, yaani programu ya kwanza inayoiamsha mashine. Compaq nyingi hazikuwa hivyo. Ukurasa wao wa F10 uliishi kwenye diski ngumu, katika sehemu ndogo iliyojificha mwanzoni, ambayo ukiitazama leo kwa programu ya fdisk ya Linux inajitambulisha kwa namba 12 na jina la Compaq. Fundi aliyetoa diski ya GB 1.6 aliondoka na ukurasa huo bila kujua, kwa hiyo hata ukiweka betri mpya kabisa hutakuwa na mahali pa kuingilia ili uandike mipangilio.

Jaribu hivi: washa mashine, subiri kialama cha mraba kitokee juu upande wa kulia wa skrini, kisha bonyeza F10. Kisipotokea, au kikitokea na F10 isifanye kitu, sehemu hiyo haipo. Compaq walitoa disketi za kuitengenezea upya, na nakala za faili hizo bado zinapatikana Internet Archive, ile tovuti inayohifadhi mambo ya zamani. Itengeneze wakati diski ikiwa tupu, kabla ya kuweka kitu kingine chochote.

#4 Njiro_Block_C

Mnazunguka mbali wakati jibu liko kwenye swali lenyewe. Diski ni ya GB 20, na BIOS ya wakati huo haioni zaidi ya GB 2. CD inaona diski isiyo ya kawaida, inakataa. Tafuta diski ndogo, kazi iishe.

#5 Mwl_Fizikia

Ndugu wa Njiro, umechanganya mipaka miwili. GB 2 ni mpaka wa FAT16, yaani namna ya kupanga faili ambayo toleo la kwanza la Windows 95 liliitumia: vipande vya kilobaiti 32 visivyozidi takriban 65,500, na ukizidisha unapata kama GB 2 kwa sehemu moja ya diski. FAT32 ilikuja na toleo la pili la Windows 95 mnamo Agosti 1996. Mpaka wa BIOS ni habari nyingine. Ule uliokuwa umeenea katikati ya miaka ya 1990 unatokana na namna BIOS inavyoihesabu diski: silinda 1,024, vichwa 256 na sekta 63 zenye baiti 512 kila moja, ambazo jumla yake ni baiti 8,455,716,864. Ndiyo ile GB 8.4 tunayoisikia kila siku. Ni kweli zipo BIOS zilizokwama GB 2.1 kwa sababu ya kuhesabu silinda 4,096 tu, lakini hatuna ushahidi kwamba hii ni mojawapo.

Mara nyingi diski ya GB 20 kwenye mashine ya namna hiyo huonekana kama ya GB 8.4 na kazi ikaendelea. Ukubwa peke yake hauelezi kwa nini CD iseme kompyuta si yake. Ingelalamikia diski.

#6 Kiborloni1

Mwalimu amegusa penyewe. Soma tena maneno ya #1: ujumbe unahusu kompyuta, haukutaja diski. CD za kurejesha za watengenezaji wakubwa ziliuliza kwanza utambulisho ulioandikwa kwenye ROM (chipu ya kumbukumbu ya kudumu) ya ubao mkuu ili mtu asichukue Windows ya Compaq akaiweka kwenye mashine ya kuungaunga. Fundi aliyebadilisha diski anaweza kuwa alibadilisha na ubao. Nimewahi kununua mashine pale mjini Moshi yenye kasha la kampuni moja na matumbo ya kampuni nyingine, na muuzaji aliapa mbele ya watu kwamba haijawahi kufunguliwa.

Mleta uzi, lipo jina la Compaq kwenye ubao wenyewe, achana na lile la kwenye kasha?

#7 Msomaji_Tu

Mimi si mtaalamu, lakini nilisikia kwamba diski ngumu za zamani zinategemea hewa ili kichwa kielee juu ya sahani, na Arusha na Kibosho ni juu milimani, hewa ni nyepesi. Je, si hilo?

#8 Mwl_Fizikia

Ni kweli kichwa huelea juu ya tabaka jembamba la hewa, na ndiyo maana diski hizo zina tundu dogo la kupumulia. Lakini watengenezaji wengi waliruhusu mpaka mwinuko wa mita 3,000 hivi, na Arusha iko kama mita 1,400. Kwa Kibosho inategemea amepanda mpaka wapi, ila hakuna anayeishi juu kiasi hicho. Tatizo lako litaanza ukiipandisha kileleni Kibo, mita 5,895, na huko hata mpagazi atakuuliza umeme utautoa wapi.

#9 Babu_wa_Pasua

Vijana, kabla hamjaendelea kuwashawasha, naomba mleta uzi atazame nyuma ya mashine, pale waya wa umeme unapoingia. Mtu aliyeitoa Marekani aliitoa kwenye volti 115, na pawa saplai za wakati ule zilikuwa na kiswichi chekundu cha kuchagua 115 au 230. Nimeona zaidi ya mmoja akichomeka mashine ya Kimarekani kwenye umeme wetu wa 230 kiswichi kikiwa 115, na kilichofuata ni mlio, moshi na kapasita kupasuka. Ya kwako inawaka, kwa hiyo kiswichi kiko sawa. Kifungie kwa gundi ya karatasi watoto wasikiguse, na uiweke nyuma ya stebilaiza, kwa sababu umeme ukirudi baada ya kukatika huja na nguvu isiyo ya kistaarabu.

Kwa wanaoshangaa kwa nini sisi tunaita hizi ndizo kompyuta za kale wakati wenzetu wanazungumzia Commodore 64 na ZX Spectrum za 1982, mkumbuke kwamba serikali yetu ilizuia uingizaji wa kompyuta na televisheni mwaka 1974. Wakati watoto wa Uingereza wanapakia michezo kwa kaseti, wengi wetu hatujawahi kuigusa kibodi. Kwetu kompyuta ya nyumbani imeanza na hizi za Pentium, tena kwa wachache.

#10 Wakibosho

Asanteni nyote. Majibu kwa mpangilio.

Betri ilikuwa CR2032 na nimeweka mpya. Makosa yote mawili bado yapo, na kile kialama cha mraba hakitokei, kwa hiyo F10 haifanyi lolote. Kwa maneno ya Bi_Disketi, hakuna mlango wa kuingilia. Kiswichi chekundu kiko 230, shikamoo Babu. Ubao una jina la Compaq limechapwa juu yake, ila kipo pia kibandiko chenye namba ambayo sijui maana yake.

Jingine ndilo lililonifanya nirudi mapema. Nilipomwuliza baba mdogo kuhusu diski ya zamani, alinyanyuka akaileta kutoka kabatini, imefungwa kwenye gazeti. Fundi aliiondoa kwa sababu ilikuwa imejaa, haikuwa mbovu. Mzee alikuwa na kazi ya pembeni ya kuchapa kadi za michango ya harusi na nyimbo za kwaya ya parokia, na anasema kadi zote za tangu aliponunua mashine ziko humo.

#11 Njiro_Block_C

Kama humo imo na orodha ya walioahidi michango wakaingia mitini, usiiwashe hiyo diski. Kibosho patachimbika.

#12 Bi_Disketi

Nakubaliana na ndugu wa Njiro katika neno moja tu: usiiwashe, ila kwa sababu nyingine. Mleta uzi, jizuie kuirudisha kwenye mashine na kuona kama inaamka. Windows 95 ikiamka huanza kuandika kwenye diski papo hapo, faili ya kuhifadhia kumbukumbu ya muda ikiwa mojawapo, na diski iliyolala miaka yote hiyo haina uhakika wa kuamka mara nyingi. Ukiipa nafasi moja ya kuzunguka, nafasi hiyo itumike kunakili.

Tafuta adapta ya IDE (kiunganishi cha diski za zamani) kwenda USB, ichomeke kwenye laptop yenye Linux, na unakili diski nzima kuwa faili moja kwa programu ya GNU ddrescue. Uzuri wake ni kwamba huchukua kwanza maeneo mazima, kisha ndipo hurudi kuhangaika na yaliyo mabovu, tofauti na programu zinazong'ang'ania sehemu moja mpaka diski inakufa mikononi. Diski za zamani mno zisizojua LBA, yaani kuzipa sekta namba za mfululizo, husumbua kwenye adapta nyingi za USB, lakini ya GB 1.6 haiwezi kuwa na tatizo hilo. Angalia jampa, kile kipande kidogo cha kuunganisha pini za diski, iwe kwenye nafasi ya bwana, isiwe ya mtumwa, na upande mwekundu wa kebo uelekee pini ya kwanza.

Ukishapata nakala utakuwa na vitu viwili: sehemu ya F10 ya asili, na Windows ya kiwandani iliyokwishatumiwa. Halafu tutazungumza kuhusu CD.

#13 Kiborloni1

Naongezea jambo ambalo naona linapita pembeni. Tunaposema hali ya kiwandani, tunamaanisha ipi? Kilichomo kwenye CD ya QuickRestore kilichapwa kwa maelfu, na CD nyingi za aina hiyo zimeshahifadhiwa na watu huko Internet Archive. Kadi za harusi za Kibosho za miaka ya 1990 ziko kwenye diski moja duniani, hiyo ya kwenye gazeti. Mzee akitaka picha ya Compaq mtafutieni, lakini mtu asije akaifomati diski hiyo kwa jina la kurudisha asili.

#14 FundiWaSakina

Hayo ya kunakili ni sawa, ila hatujamaliza suala la CD. Mleta uzi, igeuze utazame rangi ya chini. Ikiwa ya fedha, imechapwa kiwandani. Ikiwa na rangi ya kijani au bluu, mtu ameichoma mwenyewe, na visomaji vya wakati ule vingi vilishindwa na CD za kuchoma hata kama laptop ya leo inazisoma bila shida. Tazama pia upande wa maandishi: mkwaruzo wa juu ni mbaya kuliko wa chini, kwa sababu tabaka linaloakisi mwanga liko chini ya rangi hiyo ya maandishi tu, halina kinga ya plastiki nene. Inawezekana disketi inauliza kitu kwenye CD, haipati jibu, inadhani iko mahali pasipo pake.

#15 Wakibosho

CD ni ya fedha na haina mikwaruzo upande wowote.

Nimenakili diski kama alivyoelekeza Bi_Disketi. Ilitoa mlio mwanzoni, kisha ikatulia, na ddrescue ilikosa sehemu chache tu karibu na mwisho. Sehemu ya namba 12 imo. Kadi zimo, mamia, zikiwa na majina ya kamati na namba za sanduku la posta. Picha ya Compaq haimo, kwa sababu mzee aliiondoa akaweka ya Bikira Maria.

Sikutaka kuirudisha diski yenyewe kwenye mashine, kwa hiyo nakala nimeiandika kwenye kadi ya kumbukumbu ya CompactFlash ya GB 2 kwa adapta ya IDE. Imeamka. Kialama cha mraba kimetokea, F10 imefunguka, nimeweka tarehe na mipangilio, na 162 na 163 zimeondoka zote mbili. Kwenye maelezo ya mfumo Windows inajiita 4.00.950 B. Baada ya hapo nikaweka CD ya QuickRestore kwa moyo mweupe. Ujumbe ni uleule: haiwezi kutumika kwenye kompyuta hii.

#16 Kiborloni1

Basi diski imetoka hatiani. Nabaki palepale: ubao si ule uliokuja nao.

#17 Mwl_Fizikia

Haijatoka kabisa. Kadi imefanya kazi kwa sababu GB 2 na GB 1.6 zinaangukia kundi moja katika hesabu ya BIOS, lile la vichwa 64. Angeiandika kwenye ile ya GB 20 huenda isingeamka. Lakini CompactFlash hujitambulisha kwa jina lake, na hatujui kama CD inauliza aina ya diski kabla ya kuuliza ubao. Jaribio safi ni diski ya kawaida yenye ukubwa unaokaribiana, iwe tupu, ikiwa na sehemu ya F10 peke yake.

Nakubaliana hata hivyo kwamba maneno ya ujumbe yanaelekea kwenye utambulisho. Hiyo 950 B nayo inafaa kufuatwa: ni toleo la pili, lile la Agosti 1996 na kuendelea. Mleta uzi atazame faili za CD kwenye laptop zina tarehe gani. Zikiwa za kabla ya hapo, CD hiyo haikuzaa Windows iliyomo kwenye diski, na hapo swali linageuka: mashine na diski ni ndugu, mgeni ni CD.

#18 Babu_wa_Pasua

Hilo ndilo nililokuwa nalisubiri. Wageni waliokuwa wakiondoka waliuza vitu vingi kwa mkupuo mmoja, na wengine walikuwa na kompyuta mbili za kampuni moja ndani ya nyumba moja. CD ya hii kuingia kwenye boksi la ile ni jambo dogo sana kwa mtu anayewahi ndege uwanja wa KIA. Msimlaumu fundi kabla ya kuthibitisha.

#19 FundiWaSakina

Babu amesema la kheri kwa niaba ya mafundi wote. Kibandiko cha nyuma ya kasha kina namba ya modeli, na CD ina namba yake imechapwa. Zilinganishwe.

#20 Wakibosho

Faili nyingi za CD ni za mwanzoni mwa 1996, ila zipo chache za mwaka 1997, sasa sijui nizihesabu upande gani. Namba ya kasha na ya CD zinafanana tarakimu za mwanzo, zinatofautiana herufi za mwisho.

Cheti cha Windows chenye namba ya usajili iliyo na neno OEM (la Windows iliyouzwa pamoja na mashine) katikati kipo, kimebandikwa kwenye kitabu, na hicho mzee alikitunza vizuri kuliko CD. Nimemweleza kwamba njia nyingine ni kuiacha Windows ya asili iliyo kwenye nakala, kuondoa alivyoviongeza yeye kwenye nakala hiyo, na kurudisha picha ya Compaq kama faili yake itapatikana kwenye CD. Amejibu kwamba Bikira Maria haondolewi. Kwa hiyo sasa anataka hali ya kiwandani pamoja na Bikira Maria.

#21 Bi_Disketi

Faili za 1997 chache zinaweza kuwa marekebisho yaliyoongezwa wakati wa kuchapa CD, hazithibitishi kitu. Toa picha ya ubao, kibandiko kile kionekane vizuri, na uitume hapa. Bila hicho Kiborloni1 na Babu wataendelea kukinzana mpaka Pasaka.

#22 Kiborloni1

Picha ije, niko tayari. Wakati tunaisubiri, mleta uzi, naomba utazame kwenye hizo kadi harusi ya Desemba 1999, kamati ilikaa Umbwe. Kuna mtu wa ukoo wetu anadai hadi leo kwamba alitoa mchango wake wote.